Posa Iliyofika Mwezini

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, anaamini kwamba Wamarekani wasingefika mwezini bila yeye. Ujanani kwao Unguja, kabla ya mapinduzi, Wamarekani walikuwa na kituo Tunguu cha kusikilizia vyombo vyao vya angani, naye alikuwa karani wa stoo. Balbu, misumari, sabuni. Kituo kilifungwa miaka kadhaa kabla ya mtu kukanyaga mwezi, lakini nenda kamwambie! Kila Ijumaa anapokuja kwangu Mabela, huku ughaibuni tulikohamia, kula, wali haujapoa keshaanza: "Sisi tulipokuwa tukiwarusha..." Sisi! Mtu mwenyewe kupanda ngazi mpaka ashikwe mkono.

Ningemwacha na "sisi" yake, lakini binti yangu hana baba wala kaka. Walii wake ni huyo huyo, asipokubali yeye ndoa haifungwi. Na binti yangu, daktari wa meno, mtu wa kuchagua kama nini, safari hii alikuwa kapenda. Kijana ni mhandisi wa setilaiti, mpole, mwenzetu wa Unguja. Jioni wakizungumza kwenye simu, namsikia mwanangu anacheka chumbani, nami namshukuru Mungu.

Siku ya posa wanaume walikaa sebuleni, sisi tukabaki chumba cha pili, mlango tumeurudisha nusu. Kahawa ikapita, halwa ikapita. Shemeji kusikia kijana anafanya kazi ya setilaiti, basi tena. Tunguu ikatoka yote, pamoja na sauti ya mwanaanga aliyoisikia kwa sikio lake.

Baba wa kijana akacheka. Huyu ni mstaafu wa serikali, na elimu yake siku hizi yote inatoka kwenye simu.

"Ah, sheikh, na wewe umekubali? Mwezini hakwenda mtu. Walipiga filamu jangwani. Bendera ile inapepea, upepo umetoka wapi?"

"Unanambia mimi mwongo?"

"Sikusema wewe. Nasema Wamarekani."

"Wamarekani ndo mimi!"

Wallahi alisema hivyo. Marekani yenyewe hajapata kuiona hata uwanja wake wa ndege. Na yule mwingine, mjinga wa kujitakia, akatoa simu amwonyeshe ushahidi. Wazee wawili, mvi tupu, wanagombania mwezi wa watu wasiowajua, na mwanangu kakaa kitandani anakunja ncha ya mtandio. Wangekuwa watoto wangu ningewatia makofi.

Shemeji akapiga fimbo chini. "Simwozi mtoto wetu kwa watu wanaonifanya mwongo!" Halafu akamgeukia kijana. "Na wewe? Wewe ndo msomi. Walikwenda, hawakwenda?"

Nikashusha pumzi. Nilijua tumepona. Kijana kazi yake ndo hiyo, na majuzi tu alikuwa kamtumia binti yangu picha za nyayo za wale watu kule mwezini, akimweleza moja moja kwa furaha.

Tukamsikia anakohoa.

"Mimi... alosema baba ndo hilo hilo."

Wakaondoka kwa salamu za midomoni. Siku ya pili nikaenda Darsait kwa shemeji. Nikambembeleza, nikamsifu, nikamwambia kweli mwezini hapakuendeka bila yeye. Uwongo gani sikuusema! Mpaka akalegea, akakubali kuozesha. Nikarudi nyumbani mbio na habari njema.

"Simtaki, mama," binti yangu akasema.

"We mtoto una wazimu? Kwa ajili ya mwezi?"

"Ukweli anaujua, na kuusema hakumpunguzii kitu. Kama hilo hawezi kulisema mbele ya baba yake, siku baba yake akinionea mimi atasema nini?"

Macho yake mekundu, kalia usiku kucha. Nilikuwa na maneno tele ya kumjibu: umri, watu watasemaje, wanaume wote ndo hivyo. Nikafungua mdomo, nikamkumbuka marehemu baba yake. Mtu mwema, hajapata kunipandishia sauti. Siku kaka yake, shemeji huyu huyu, aliposema mke wao hafundishi skuli, nisirudi tena kazini, nilimtazama mume wangu nikingoja neno. Akainamisha kichwa. "Kaka keshasema," akanambia.

Nikavua abaya, nikakaa karibu na mwanangu.

"Usimchukue," nikamwambia.