Kinoo cha Mashoto

Miaka kumi na miwili Waruguru hakumsalimia Gichuru, na nyumba zao pale mtaa wa Bahati zilitazamana mlango kwa mlango. Akimkuta bombani hutema mate pembeni, husogeza debe lake, basi.

Sababu ilikuwa jiwe. Mumewe Chege alikuwa fundi wa viatu, mtu wa mkono wa kushoto, mtaa mzima ukimwita Mashoto. Alipofariki mwaka wa sabini na nne walimpeleka kwao Murang'a kumzika, na ufunguo wa chumba ukaachwa kwa Gichuru, rafiki wa marehemu. Waliporudi, kinoo chake, jiwe la kunolea visu, hakikuwa kwenye sanduku la vifaa. "Mimi sijui kitu," alisema Gichuru, akilia kuliko wafiwa.

Waruguru akawaza moyoni. Mwizi wa kuku hula akamaliza. Mwizi wa kinoo, lazima siku moja anoe.

Akangoja. Mwaka wa themanini na sita Gichuru akaachishwa kazi kiwandani, akaweka meza nje ya bucha ya Njogu, akaanza kunoa visu vya watu. Mezani palikuwa na jiwe la kijivu lenye bonde katikati.

Jumamosi, foleni ya nyama ikiwa imefika barabarani, Waruguru akaenda.

"Jiwe zuri," akasema. Maneno yake ya kwanza kwa mtu huyo tangu matanga.

"Eh, Mama Jecinta! Hili hakuna ajuaye lilitoka wapi. Lilikuwa la babu yangu, na yeye mwenyewe hakujua."

"Huyo babu alinolea mkono gani?"

"Wa kulia, kama watu!"

Njogu akacheka kutoka ndani. "Na kwa nini visu vyangu vinarudi butu, Gichuru? Hiyo mawe yako inalamba tu."

Waruguru akafungua leso. Akatoa kisu cha Chege cha kukatia ngozi. Siku ya matanga wanawake walikuwa wamekichukua kumenyea viazi. Ndiyo maana kilipona. Akakilaza juu ya jiwe kwa mkono wa kulia: kikayumba. Akakihamishia kushoto. Kikakaa bondeni kama yai kiganjani, hata unywele haungepita. Kisu na kinoo vilikuwa vimekulana miaka ishirini.

"Haya," akasema. "Jiwe limemtaja baba yake."

"Wuui! Ni ya Mashoto!" akapiga kelele mama mmoja kwenye foleni.

Gichuru akashusha sauti. "Mama Jecinta, tumezeeka. Tuyamalize. Ni shetani tu alinipitia."

"Shetani hana visu vya kunoa."

Akalibeba jiwe lake kifuani kama mtoto. Mchungaji alikuja kumwomba asamehe. Akampa chai, hakumpa neno.

Tangu hapo, kila asubuhi, Waruguru aliweka kigoda mlangoni, akaelekea mlango wa Gichuru, akanoa. Kwi, kwi, kwi. Ngozi ya kukata hakuwa nayo. Alijifunza kunoa kwa kushoto, akijikata vidole mara mbili, na hata siku za mvua alinoa chini ya gunia. Waliopita walitazama kisu, kisha wakatazama ule mlango, wakacheka.

Kisu kilikuwa kimebaki chembamba kama jani la kitunguu siku Gichuru alipofunga virago kuhamia Kayole. Mkokoteni ulipokata kona, Waruguru akakijaribu kwa kidole gumba. Kimekolea makali. Akaingia nacho ndani kukatia mboga za sukuma wiki.