Mabati Kumi na Mawili ya Wekulo

Wekulo hakuwa mtu wa kusamehe, na mimi ndiye wa mwisho mwenye haki ya kumlaumu. Watu wengine wa Eastlands, huku Nairobi, watakuambia alikuwa mkimya, mpole, mtu wa kanisa. Mkimya, sawa. Huo upole mimi sikuuona, na nilimjua kwa miaka kumi na miwili, tangu tulipokuwa tukijenga pamoja Kariobangi, yeye akipigilia mabati na mimi nikitengeneza milango.

Kipawa chake hasa kilikuwa kukadiria. Ungemwonyesha nyumba iliyosimamishwa nguzo tu, angeizunguka mara moja na futikamba, kisha akuambie ukuta wote unataka mabati mangapi. Ukienda kununua hayo hayo, halibaki hata moja la kufunikia banda la kuku. Na siri yake wala haikuwa siri. Bati tulilokuwa tukitumia lilikuwa na upana wa futi mbili na nusu, lakini ukutani bati halikai peke yake. Linapanda juu ya mwenzake kwa nusu futi, la sivyo mvua inaingia kwenye kiungo. Kwa hiyo bati la futi mbili na nusu linafunika futi mbili tu. Milango huitoi kwenye hesabu, kwa sababu vipande vinavyokatwa pale vinapanda juu kuziba pembe za chini ya paa. Kila fundi anajua hivyo. Mimi nilijua. Nakuomba ulishike hilo.

Mwaka 1974 tulimjengea Gachanja nyumba ya vyumba sita, urefu futi arobaini, upana futi ishirini. Ukiizunguka ni futi mia na ishirini. Wekulo akagawanya kwa mbili, akasema sitini. Gachanja akanunua mabati sitini, Wekulo akayapigilia yote sitini, nyumba ikasimama, safi.

Huyu Gachanja alikuwa amewahi kuwa karani mahali fulani, na tangu hapo kalamu haikumtoka mfukoni. Siku ya kukabidhiwa nyumba akaketi juu ya kreti, akachukua karatasi, akagawanya mia na ishirini kwa mbili na nusu. Akapata arobaini na nane. Akapiga hesabu tena. Akasimama.

"Wekulo! Mabati yangu kumi na mbili iko wapi?"

"Iko kwa ukuta, mzee. Hesabu."

"Nihesabu nini? Karatasi imesema! Umeuza mabati yangu, mwizi wewe!"

Watu wakajaa. Mzee wa mtaa akaitwa, naye hakuwa na haja ya kuzunguka nyumba akihesabu bati moja moja juani. Akatafuta njia ya mkato, na njia yenyewe nilikuwa mimi. Akaniuliza mbele ya wote, "Dedan, wewe ni fundi. Bati ya futi mbili na nusu inafunika futi ngapi?"

Gachanja alikuwa ameniahidi milango na madirisha ya nyumba nyingine mbili. Alikuwa pia mtu wa kwetu Murang'a, na alikuwa akinitazama. Nikasema, "Futi mbili na nusu."

Hivyo tu.  Wekulo alinigeukia akanitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Walimpiga, si sana, lakini walimpiga, na Gachanja akachukua sanduku la vifaa la Wekulo, pamoja na futikamba na makasi ya mabati, eti fidia. Kuanzia siku hiyo jina la Wekulo likawa Kumi na Mbili. Alikuwa akipita soko la Burma, wauza nyama wanamwita kwa jina hilo huku wakicheka. Hakuna mwenye ploti aliyempa tena hata kazi ya kuziba choo.

Akaenda Gikomba kusukuma mkokoteni wa duka la mabati. Nilidhani amekwisha. Fundi mkubwa vile, anabebea watu mabati mgongo ukimvunjika! Lakini alikuwa amejitengenezea kamba ya katani yenye mafundo, kila fundo futi mbili, na mafundi waliokuwa na shaka walimfuata kichinichini awapimie. Aliinyoosha ukutani, akahesabu mafundo, basi. Fundo moja, bati moja. Makokha, fundi kijana wa kwao Bungoma, alimwambia aliache duka hilo aende Mombasa, ambako hakuna anayemjua. Wekulo akamjibu, "Gachanja atajenga tena. Na mabati atanunua hapa."

Alingoja miaka saba. Mimi nisingeweza kungoja hata mitatu, hata kama ni kuingia peponi.

Mwaka 1981 Gachanja akaja dukani. Alikuwa anajenga Korogocho, nyumba ya vipimo vilevile, arobaini kwa ishirini, na safari hii alitangaza kwamba hatakadiriwa na mwizi yeyote, atajikadiria mwenyewe. Akaagiza mabati arobaini na nane. Aliyeyapakia mkokotenini na kuyasukuma hadi Korogocho alikuwa Wekulo. Gachanja alipomtambua akacheka hadi akashika kiuno. "Kumbe ni wewe, Kumi na Mbili! Leo umeiba ngapi njiani?"

Wekulo akatoa chaki mfukoni, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Mzee, andika namba mwenyewe kwa kila moja, ndio tusisumbuane baadaye."

Gachanja akalipenda sana wazo hilo. Akaandika moja, mbili, tatu, kwa ule mwandiko wake wa karani, hadi arobaini na nane, huku wafanyakazi wote wakitazama. Mimi nilikuwepo, nikipanga mbao za milango yake. Nilijua hesabu haitatosha. Makokha, aliyekuwa fundi wa kazi ile, alijua pia, lakini Wekulo alikuwa amemwagiza: lolote mzee atakalosema, jibu ni ndiyo mzee, kisha pigilia. Nami nikafunga mdomo. Nimezoea.

Makokha akaanza kwenye kona ya mbele akazunguka. Mbele pakajaa, ubavu wa kulia ukajaa, akageukia nyuma.  Namba arobaini na nane ikaishia nyuma ya nyumba, futi nne kabla ya kona. Kona nzima ilibaki wazi: futi nne za nyuma na ubavu wote wa kushoto. Futi ishirini na nne za hewa. Ungeweza kupitisha ng'ombe sita wakiwa wameshikana mabega.

Gachanja alipoona, mishipa ya shingo ikamtoka. "Kumi na mbili! Tena kumi na mbili! Mwiteni yule mwizi!"

Hakuna aliyehitaji kumwita. Wekulo alikuwa ameketi kwenye mkokoteni wake ng'ambo ya njia tangu asubuhi, amevaa shati lake la kanisani. Alikuja polepole. Akampeleka Gachanja kwenye bati la kwanza. "Soma, mzee. Ni mwandiko wako." Akamsomesha ukuta mzima, bati baada ya bati, umati ukiitikia kila namba kwa sauti, hadi arobaini na nane. Halikupungua hata moja. Kisha akatoa kamba yake, akainyoosha kwenye lile pengo. Mafundo kumi na mawili.

"Sasa niambie mzee. Bati ya futi mbili na nusu inafunika futi ngapi?"

Gachanja akanitazama.  Lakini kusema hesabu ile aliithibitishiwa na mimi, seremala, kungekuwa kukiri kwamba hakuijua mwenyewe, na majivuno yakamziba. Akasema kwa sauti ndogo, "Mbili."

"Sijasikia."

"Mbili!"

"Na za Kariobangi, niliiba?"

"Hukuiba."

Niseme ukweli, nilifurahi. Nilifurahi kama vile aliyepigwa nilikuwa mimi. Sanduku la vifaa likaletwa, makasi yameganda kwa kutu. Wekulo akalitazama, akalifunga, akamwambia Gachanja abaki nalo, apigilie mwenyewe. Akaondoka, Makokha naye akaweka nyundo begani akamfuata. Kwa masika yote hakuna fundi aliyekubali kugusa ukuta ule. Gachanja aliziba kwa magunia, magunia yakaoza, wapangaji wakaja wakachungulia wakaenda zao. Watoto wa Korogocho wakaanza kumwita yeye Kumi na Mbili. Wekulo alikuwa akipita pale na mkokoteni mtupu, bila kazi yoyote ya kumpitisha huko, ili tu aone mvua ikiingia.

Mimi hakuniuliza kitu siku ile. Alinipita kama nguzo. Nikajiambia amesahau, au amenisamehe kimyakimya, na tukawa tunasalimiana.

Mwaka 1986 nikajenga nyumba yangu, Kayole, vyumba viwili, futi ishirini kwa kumi na tano. Wekulo wakati huo alikuwa ndiye fundi mkubwa, watu wanampangia foleni. Nikamwomba aje anikadirie, zaidi kwa heshima kuliko kwa haja. Akaja. Mke wangu Lydiah, niliyemwoa baada ya mambo ya Kariobangi na asiyeyajua, akamletea chai.

Wekulo hakutoa kamba yake. Aliniomba futikamba yangu, akazunguka nyumba, akapata sabini. Akanywa chai. Akasema, "Ishirini na nane."

Sabini kwa mbili ni thelathini na tano. Ishirini na nane unaipata ukigawanya kwa mbili na nusu.

Lydiah akanigeukia. "Baba Teresiah, wewe ni fundi. Hizo zitatosha?"

Wekulo aliweka kikombe chini akanitazama, macho yaleyale ya Kariobangi, akingoja. Neno moja tu, na Lydiah angeuliza kwa nini fundi mzima amekosea, nami ningelazimika kumwambia nilichosema Kariobangi.

Nikasema, "Zitatosha."

Wekulo akamshukuru mama kwa chai, akaenda. Masika ile tulilala na magunia upande wa kitanda, Teresiah akikohoa, hadi nilipoongeza mabati saba. Na hadi leo Lydiah huwaambia majirani kwamba yule Wekulo wanayemsifu hajui hesabu, na mimi nikiwa nimeketi hapo hapo sijawahi kumsahihisha.