Saa Kwenye Paji la Uso

Saa mbili asubuhi ya Jumanne, simu inalia katika zahanati ya kikosi. Koplo anaipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshika bandeji. Mumewe, sajini anayefundisha matabibu wa jeshi, ameanguka mbele ya darasa lake na hakuinuka tena. Moyo. Koplo anamaliza kumfunga askari kidonda, ananawa mikono, ndipo anakaa.

Miaka miwili imepita. Kikosini wanamwita Mama Bandeji. Kwa miaka kumi na moja amekuwa tabibu daraja la pili: anashona majeraha, anatundika dripu, lakini lazima daktari awe karibu. Wa daraja la kwanza husimamia kituo peke yake. Mumewe alikuwa nalo, na hakuchoka kumwambia, "Mikono unayo. Subira ndiyo huna."

Mtihani wa daraja hilo aliufeli mara mbili, kwa kosa lile lile. Alifunga mkanda wa kuzuia damu haraka kuliko wenzake wote, akasahau kuandika saa kwenye paji la uso la majeruhi. Mkanda ukikaa mno, mguu hufa. Daktari atakayempokea lazima ajue umefungwa lini. Jaribio la tatu ndilo la mwisho linaloruhusiwa na kanuni.

Mwalimu hayupo. Akajitokeza mama mkwe, miaka sabini na moja, aliyekuja msibani akabaki. Kila jioni alijilaza sakafuni sebuleni, mguu juu ya stuli.

"Nimeshakufa, au bado?"

"Bado, mama. Tulia."

"Nitulie vipi na damu inanitoka? Na saa je? Hujaandika! Haya, mguu ndio huo umekwenda. Nani atanifikisha sokoni?"

Koplo alicheka mpaka akalia. Akachukua penseli ya wanja, akaandika. Majirani walimwona bibi barazani na tarakimu usoni, wasithubutu kuuliza.

"Mwanangu nilimfundisha kutembea," bibi anasema. "Nitashindwaje na mkewe?"

Wiki iliyopita waliingia watahiniwa thelathini na mmoja, wakapita wanne. Mtahini, meja daktari asiyejua kutabasamu, aliinama juu ya majeruhi wa Koplo, akasoma kwa sauti: "Saa nne na dakika kumi na saba." Akatazama saa yake. Kisha akasema, "Sajini angekuwepo, angekuuliza umechelewa wapi."

"Ningemwambia nilikuwa nauguza mguu wa mama yake, afande."

Meja alicheka. Wapo walioapa hawajawahi kuliona jino lake kabla ya siku hiyo.

Nyumbani, vigelegele vya bibi vilisikika hadi lango la kambi.

Sasa Koplo ameomba nafasi ya masomo ya afisa tabibu. "Nataka siku moja nisimame kwenye lile darasa," anasema. "Halina mwalimu tangu siku ile."

Jumatatu anaripoti kituo cha matibabu cha mstari wa mbele, chenye vitanda sita. Daktari wa karibu yuko mwendo wa saa tano kwa gari.