Sukari Si Ugonjwa wa Wazee Peke Yao

Wazazi wangu, na ninyi wadogo zangu mliokuja kliniki leo, asanteni kwa kunipa nafasi. Naitwa Furaha. Nilizaliwa hapa mjini, mtaa wa Birere, mama yangu anauza vitenge karibu na mpaka. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtoto wa mbio. Nikitumwa maji, nilirudi na bidoni kichwani nikiimba.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoanza kusikia kiu. Si kiu ya kawaida. Nilimaliza chupa nzima, mdomo ukabaki mkavu. Nilikojoa kila mara, hata darasani nikajilowesha. Mama aliona sisimizi wamejaa pale nilipokojoa. Nilikula kama mtu mzima, lakini sketi ilinivuka kiunoni.

Majirani wakasema, "Huyu mutoto wamemupa sumu."

Nikanyweshwa dawa za majani. Nikatapika, nikazidi kudhoofika. Asubuhi moja nilianza kuhema kwa nguvu, pumzi yangu ikinuka kama matunda yaliyooza. Nikaanguka mbele ya meza ya vitenge. Mtu wa moto, yaani pikipiki ya abiria, alitupakia, mama akanishika kwa nyuma nisidondoke.

Hospitalini munganga, daktari mwanamke mpole, alinichoma kidole akapima damu.

"Mama, hakuna mutu alimupa sumu ao kumuroga. Mutoto iko na ugonjwa ya sukari."

Mama akakataa. "Dokta, sukari ni ya wazee! Huyu ni mutoto!"

"Hata sisi tulizoea kuwaza hivyo. Lakini siku hizi tunapokea watoto wengi kuliko zamani. Wengine wanakufa bila kupimwa, watu wanasema ni malaria ao sumu."

Nilipopata nguvu, nikaambiwa nitajichoma insulini maisha yote. Nililia sana. Mama alishika sindano, akashindwa kunichoma. Nikamwambia, "Mama, leta. Nitajichoma miye mwenyewe." Nikajichoma tumboni. Siku ile nilianza kusimama tena.

Umeme kwetu hauna uhakika, kwa hiyo tuliweka dawa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa. Haikuharibika.

Kisha vita ikafika mjini. Barabara zikafungwa, na dawa yangu ikabaki kidogo sana. Bila insulini, mtu kama mimi haishi. Kulikuwa na Mama Riziki wa mtaa wa Katindo, binti yake ana ugonjwa huu huu. Risasi zilipotulia kidogo alikuja kwa miguu, akamwekea mama chupa ya insulini mkononi.

"Na Riziki?" mama akauliza.

"Tulikuwa na mbili. Ikiisha, iishe kwa watoto wetu wote. Lakini Mungu hatakubali."

Haikuisha. Dawa ziliingia tena mjini tukiwa bado hai, Riziki na mimi.

Mwaka huu nimemaliza sekondari, nimepata diploma ya Serikali! Majirani waliponimwagia poda nyeupe kichwani, kama tunavyowashangilia waliofaulu, mama alicheza barabarani bila viatu, juu ya mawe ya volkano.

Namshukuru Mungu, mama, munganga wangu na Mama Riziki. Wazazi, mkiona mtoto ana kiu isiyokoma, anakojoa sana na kukonda, msitafute mchawi. Mumpeleke apimwe sukari siku hiyo hiyo. Na ninyi wadogo zangu, msiruke sindano hata mkijisikia vizuri.

Nilipoanza kuja hapa, nilikuwa mtoto peke yangu katikati ya wazee. Leo mmejaza mabenchi yote. Inaniuma kuona ugonjwa umetufikia wengi hivi. Lakini niwaangaliapo, nafurahi: mmefika mkiwa hai. Sasa niambieni, nani kati yenu atasoma udaktari? Asimame, tumpigie makofi!