Shamba Nililosema ni la Mzee

Nilisoma hadi darasa la tatu tu, lakini majina ya watu siyasahau. Mashahidi wanne waliokuja kortini kwa ajili ya shamba langu nawajua wote kwa majina, na baba zao, hata ng'ombe wao. Hapa sitawataja. Hawakusema uongo.

Lilikuwa shamba la kahawa. Pesa za kulinunua zilitoka kwa maziwa na maharagwe niliyouza sokoni. Lakini kwetu mke hajisifu. Nilimpa mume wangu zile pesa mkononi, akaenda kulipa yeye, hati ikatoka kwa jina lake. Jumapili nikasimama wakati wa shukrani nikasema, "Mungu ni mwema, mzee ametununulia shamba." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Tulipoachana nilienda kudai nusu. Wakili akanieleza kwamba mali ya mume na mke bado inaamuliwa kwa sheria ya Waingereza, ya zamani kuliko nyanya yangu. Wenyewe kwao walikuwa wameshaibadilisha; sisi tukabaki nayo. Kuna majaji walioilegeza kidogo, wakasema jembe na jiko pia ni mchango wa mke. Halafu majaji wa juu yao wakasema hapana, mke aonyeshe pesa zake. Kesi yangu ikaja baada ya hiyo hapana.

"Mama, uko na risiti?"

"Risiti ya maziwa?"

Basi tukaita mashahidi. Kila mmoja akaulizwa ni nani alinunua shamba. "Mzee. Mama mwenyewe alitutangazia kanisani."

Nikashindwa. Nikaenda kwa ndugu yangu, nikapika uji, tukanywa.

Binti yangu ni nesi huku Maryland. Alinileta Takoma Park nimlelee watoto. Siku moja nikichambua maharagwe, akasoma kitu kwa simu yake.

"Mum, bunge la nyumbani limetunga sheria yetu wenyewe. Ile ya Waingereza haitumiki tena. Kazi ya nyumbani na ya shamba inahesabiwa."

"Ile ya Waingereza imeondolewa yote?"

"Yote."

"Mpigie wakili."

Wakili akasema pole mama, kesi ilikatwa kwa sheria ya wakati ule, na siku za kukata rufaa zilikwisha zamani. Nikamuuliza hali ya mke wake, nikamtaja kwa jina. Akashangaa. Nikarudi kwa maharagwe. Nilingoja kulia, kilio hakikuja.

Juzi binti yangu na mumewe wamenunua nyumba Bladensburg. Miaka yote hiyo nimemwona akitoka zamu moja akiingia nyingine. Watu wa kanisa wakaja kuiombea. Mama mmoja akamtania, "Wee, kumbe tunakaa na tajiri!"

Binti yangu akainamisha kichwa. "Aa, si mimi. Baba watoto ndiye ametununulia."

Wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nikaliweka chini.

"Sema na wewe umenunua."

"Mum, si ni kusema tu?"

"Sema. Hawa wote wanasikia."

Mkwe wangu akatazama viatu vyake. Binti yangu akasema polepole, kama mtoto anayesomeshwa, "Tumenunua. Mimi na yeye."

Nikawapitia wageni kwa macho, mmoja mmoja, kila mtu na jina lake. Kisha nikachukua birika, nikaendelea kumimina.