Mkalimani Aliyenifundisha Kazi

Mwaka wangu wa pili Lodwar, shirika dogo lililoniajiri lilinikabidhi vijana kumi na wanane kutoka vijiji vya nyuma ya Lorugum. Walikuwa wameamua kukausha nyama ya mbuzi na kuiuza, na mimi nilitakiwa kuwafundisha uongozi kwa siku nne. Daftari langu lilijaa mambo niliyoyaokota kwenye semina huko Nakuru. Lakini wengi wao Kiswahili walikisikia kwa shida, na Kiturkana changu kiliishia kwenye salamu ya ejok.

Nikamwomba msichana mmoja wao awe mkalimani. Aliacha shule darasa la saba, na alitafsiri huku akimnyonyesha mwanawe. Mimi nikisema sentensi moja, yeye alisema kumi. Vijana walibishana, wakacheka, wakasimama kueleza mambo yao. Nilijisifu moyoni kwamba mafunzo yananoga.

Siku ya tatu, wakati wa chai, dereva wetu, mwenyeji wa hapo, alinivuta pembeni.

"Mwalimu, unajua huyu dada hatafsiri?"

"Anafanya nini, basi?"

"Wewe umesema kiongozi awe na maono. Yeye amewauliza, ule mwaka mbuzi walikufa, nani alitangulia kutafuta maji, na kwa nini mlimfuata yeye."

Uso ulinichoma kwa aibu. Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha ukuta, mtoto amelala mapajani, nikamuuliza kwa nini. Alinijibu bila wasiwasi.

"Mwalimu, hiyo neno yako, kwetu ni ya mtu ameota. Ningewaambia hivyo, wangenyamaza tu wangoje chai. Mimi nilitaka waongee."

Alasiri hiyo niliacha daftari ndani ya mkoba. Nilimwambia aulize anavyotaka, kisha anieleze wanachosema. Nilijifunza mengi kuwahusu kuliko siku mbili zilizotangulia.

Siku ya mwisho alikuja afisa wa wafadhili kusimamia uchaguzi wa viongozi. Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la yule msichana. Afisa akamuuliza kama anaweza kuandika ripoti kwa Kiingereza. Akatikisa kichwa. Basi wakamchagua kijana mpole aliyemaliza kidato cha nne kuwa mwenyekiti. Mimi niliyejua nani aliwafungua midomo nilikaa kimya, nikichezea kalamu.

Miezi michache baadaye tulipeleka ndoo za kwanza za nyama Kakuma. Mama mmoja kutoka Sudan Kusini, mwenye duka katika kambi ya wakimbizi ya hapo, alikuwa amekubali kuionja. Alitafuna taratibu, akarudisha kipande kilichobaki.

"Chumvi mingi. Na hii mafuta imeharibika. Watu yangu hawatanunua."

Mwenyekiti alifungua daftari, akaanza kuandika malalamiko hayo. Wenzake wawili walishaanza kurudisha ndoo kwenye gari. Yule msichana, mtoto mgongoni, akaketi kwenye benchi karibu na mama.

"Mama, kwenu mnafanyanga aje?"

Mama alimtazama, akamtazama mtoto, kisha akaagiza kisu na nyama mbichi. Hadi saa saba mchana alikuwa akiwaonyesha jinsi ya kuondoa mafuta, kukata vipande vyembamba kama mkanda na kupunguza chumvi, akichanganya Kiswahili na Kiarabu cha Juba. Nyama yetu hakuinunua siku hiyo. Alisema walete nyingine, ataona.

Njiani kurudi, mwenyekiti alinigeukia.

"Mwalimu, hii kiti si yangu. Mimi najua kuandika tu. Huyu ndiye anajua watu."

"Na ripoti za Kiingereza?"

"Nitaandika mimi. Yeye aongoze."

Kundi lilikubali kwenye mkutano uliofuata. Msichana akauliza kama mikutano inaweza kufanyika asubuhi, kabla ya kunywesha mbuzi. Wakasema ndiyo, naye akakubali. Nyama ya mara ya pili mama wa Kakuma aliichukua yote, na vijana waliokuwa wamekata tamaa wakarudi kazini, isipokuwa mmoja aliyepata kibarua Lokichar.

Ilibaki kumjulisha yule afisa. Nilijiandaa kwa mabishano, nikamwandikia barua pepe ya kurasa tatu kumtetea msichana. Jibu lilikuja kesho yake, mstari mmoja: hakuna shida, endeleeni. Nililisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi, nikaikumbuka siku ile ya uchaguzi. Ningefungua mdomo tu, angekubali siku ile ile.