Karibu Isiyo na Tarehe

Wiki nzima nafundisha hesabu, Jumamosi napanda treni. Ndivyo nilivyouishi mwaka wangu wa kwanza London. Nachagua kituo nisichokijua, nashuka, naangalia watu wanaishije. Udadisi nilizaliwa nao. Mama aliwahi kunichapa kwa kuchungulia vyungu vya jirani. Nimeona ufukwe usio na mchanga, kokoto tupu, na watu wamejilaza juu yake wakifurahi kabisa. Nimeona bustani zilizopambwa kuliko sebule zetu, na nyuma yake mapazia yamefungwa. Hicho ndicho kilichonikera. Nyumba za Waingereza kwa nje nilishazijua, ndani sikuwa nimeingia kwa mtu hata mmoja.

Mama akipiga simu kutoka Iringa haulizi shule wala baridi. Anauliza, "Umeshakula kwa nani huko?" Namjibu bado. Anasema, "Basi rudi nyumbani, mwanangu. Huko unakaa stendi." Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Julai, na mwalimu mkuu alitaka jibu Jumatatu: nabaki mwaka mwingine au naondoka. Nikaapa moyoni kwamba ikifika Jumatatu sijakaribishwa kwa kweli nyumbani kwa mtu, naondoka.

Tumaini langu lilikuwa mwalimu mwenzangu wa fizikia, mama wa Kiingereza wa makamo, mcheshi, aliyenionyesha namna ya kutumia mashine ya fotokopi bila kuipiga teke. Kila Ijumaa akivaa koti lake husema, "Lazima uje kwetu siku moja!" Na kwake alishanielekeza: ukitoka stesheni, mkabala na kanisa, mlango wa bluu. Kwetu mtu akikuelekeza mpaka rangi ya mlango, amebakiza kukubeba tu.

Nilikuwa nimepanga chumba Kilburn, jiko tukitumia pamoja na nesi mmoja Mkenya. Jumamosi ile alinikuta nafungasha maandazi na kilo mbili za sukari.

"Unaenda wapi na sukari?"

"Kumtembelea mwalimu mwenzangu."

"Anajua?"

"Alishanikaribisha."

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Wewe! Huku watu hawaendangi tu hivyo, my dear. Unatext kwanza, mnabook date, ndio uende."

Nikamwambia mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Haya, enda umponye," akasema.

Mlango wa bluu niliupata bila shida. Nikabisha, na hodi ikanitoka mdomoni yenyewe. Mwenzangu akafungua, nywele zimejaa vumbi, uso umemshuka.

"Kuna nini? Nani ameumia?"

Nikasema hakuna, wote wazima, nimekuja kuwasalimia tu. Akanitazama kama hesabu isiyotoka. Kisha akausukuma mlango wote nione. Hapakuwa na sakafu. Mbao zimeng'olewa, na mume wake amepiga magoti chini kwenye udongo, akanipungia nyundo.

"Hakuna hata pa kukanyaga," akasema mwenzangu, masikio yamemwiva kwa aibu. Mimi nami nikaona aibu. Nilitamani nirudi stesheni mbio.

Akaleta chai hapohapo nje, tukaketi kwenye ngazi. Akafungua mfuko wangu, akatoa sukari, akaigeuzageuza.

"Hii ya nini?"

"Ya nyumba," nikasema. "Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu."

Akala andazi la kwanza, akala la pili, akamwita mume wake naye aonje. Aibu ikapungua, udadisi ukarudi, nikamuuliza waziwazi, "Kila Ijumaa ukisema nije, huwa unamaanisha?"

Akafikiri. Nilipenda kwamba alifikiri.

"Namaanisha," akasema. "Ila wewe ulipaswa kungoja nikupe siku, na mimi siku sikukupa. Nadhani watu wote nawafanyia hivyo."

Nilicheka, ingawa moyoni nilikuwa nimeshaanza kufungasha mabegi. Nilikuja, nikafika mlangoni, nikaishia nje.

Akajipangusa mikono, akatoa simu, akafungua kalenda. Juni, vumbi. Julai, fundi wa rangi. Agosti wanakwenda Scotland kwa binti yao. Septemba shule inafunguliwa, hakuna anayepumua. Nilimtazama akitelezesha kidole mwezi baada ya mwezi, uso umekunjamana, kwa makini yaleyale anayosahihishia mitihani. Hakuwa ananifukuza. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, alikuwa ananikaribisha.

"Jumamosi ya pili ya Oktoba," akasema. "Saa saba mchana. Nitapika mwenyewe. Utakuwepo?"

Nikafungua mdomo nimwambie kwamba Oktoba nitakuwa Iringa.

"Nitakuwepo," nikamwambia, naye akaandika.